Mfuko mmoja kwa upungufu wa aina tatu: uchambuzi wa kisa cha ushirika na mbolea za kalsiamu, magnesiamu na salfa

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya viongozi wa vyama vya wakulima, maofisa ugani na wauza pembejeo. Kila kinachoweza kuutambulisha ushirika husika kimeondolewa: mahali, majina, ukubwa wa mashamba na bei. Viwango vya virutubisho vinavyotajwa ni vya bidhaa zenyewe, na ni vilevile popote zinapouzwa.

Usuli

Ushirika huu huwanunulia wanachama wake pembejeo kwa pamoja. Mashamba yao yako kwenye udongo wa namna tatu usiofanana hata kidogo. Juu kuna kichanga chepesi kinacholimwa mahindi mwaka hadi mwaka. Miteremkoni kuna udongo mwekundu wenye tindikali, wa mahindi na karanga. Bondeni kuna mfinyanzi mweusi, na huko nyanya hulimwa kwa umwagiliaji.

Mpango wa mbolea ulikuwa mmoja kwa wote: DAP (mbolea ya fosforasi na naitrojeni) ya kupandia, urea (ya naitrojeni) ya kukuzia, na kwa wenye nyanya potasiamu kwa wingi. Miaka ya mwanzo mpango ulilipa. Kisha mavuno yakagota. Wakulima wa kichangani waliongeza urea wakitumaini kijani kitarudi, lakini mahindi yakabaki yamepauka. Maneno yakaanza kuzunguka kwamba urea ya ghalani imechakachuliwa, na uongozi ukapoteza muda mwingi kuitetea mbolea ambayo haikuwa na kosa lolote. Miteremkoni karanga zilitoa maganda yasiyo na punje ndani. Bondeni nyanya zilioza kitako, na majani ya chini yakawa ya njano katikati ya mishipa.

Hali ikiwa hivyo, msambazaji mmoja akaleta andiko fupi: mahitaji ya mbolea za kalsiamu, magnesiamu na salfa yanapanda duniani kote, na atakayechelewa atakosa. Pamoja na andiko alikuwa na bidhaa mkononi, mbolea ya punje yenye virutubisho vyote vitatu katika mfuko mmoja.

Kwa nini dunia inazitafuta

Andiko lile halikuwa uongo. Kasoro yake ni kuzungumzia virutubisho vitatu kana kwamba ni bidhaa moja yenye sababu moja ya kupanda. Inafaa kuzitenganisha sababu hizo kabla ya kuendelea, kwa sababu makosa yote ya msimu wa kwanza yalitoka hapo.

Salfa ndiyo yenye historia ndefu zaidi. Kwa miongo mingi mashamba ya nchi za viwanda yaliipata bila mkulima kulipa chochote. Moshi wa makaa ya mawe na mafuta ulipandisha dioksidi ya salfa hewani, mvua ikaishusha shambani. Lakini mvua hiyohiyo ilikuwa ikiharibu misitu na kutia tindikali kwenye maziwa, kwa hiyo ukatiwa saini mkataba wa Geneva wa mwaka 1979 kuhusu uchafuzi wa hewa unaovuka mipaka, na Marekani ikabana zaidi kwa marekebisho ya mwaka 1990 ya sheria yake ya hewa safi. Hewa ikasafika. Tayari katika miaka ya 1980 mashamba ya kanola, zao la mbegu za mafuta, ya Scotland na kaskazini mwa Ujerumani yalikuwa yanaonyesha upungufu wa salfa.

Sababu ya pili imo ndani ya mfuko wenyewe. Superfosfeti ya kawaida, mbolea kongwe ya fosforasi, ina asilimia 11 hadi 12 ya salfa na karibu asilimia 20 ya kalsiamu. Wakulima waliinunua kwa ajili ya fosforasi, hayo mengine yakaja nayo. Salfeti ya amonia, ambayo madukani huitwa SA, ina asilimia 21 ya naitrojeni na 24 ya salfa. Baadaye zikaja mbolea zilizokolea: urea yenye asilimia 46 ya naitrojeni, DAP yenye 18 ya naitrojeni na 46 ya fosforasi kwa hesabu ya P2O5 (oksidi ya fosforasi). Usafirishaji wa kila kilo ya kirutubisho ukawa nafuu, na salfa ikatoweka kwenye mpango wa mbolea bila yeyote kuamua iondolewe.

Jambo la kushangaza ni kwamba DAP haiwezi kutengenezwa bila salfa. Salfa hutengeneza asidi ya salfuriki, asidi hiyo huyeyusha mwamba wa fosfeti, na hayo ndiyo matumizi makubwa kuliko yote ya salfa duniani. Ila salfa haifiki shambani. Inaungana na kalsiamu ya mwamba na kuwa jasi, na kiwanda kinabaki na takribani tani 5 za jasi kwa kila tani ya P2O5. Sehemu kubwa ya jasi hiyo hurundikwa tu. Kalsiamu na salfa ambazo superfosfeti ilizibeba hadi kwenye mfereji wa mbegu sasa ni vilima nje ya viwanda.

Ugavi nao una mantiki yake isiyohusiana na kilimo. Salfa nyingi inayouzwa leo ni zao la pembeni la kusafisha mafuta na gesi asilia. Tarehe 1 Januari 2020 kikomo cha salfa katika mafuta ya meli kilishushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5 kwa kanuni ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini (IMO). Mitambo ya mafuta huiondoa salfa kwa sababu sheria imetaka, iwe mahindi yana njano au hayana. Wanunuzi wakubwa nao ni watengenezaji wa asidi, wakiwemo wa fosfeti na wale wanaoyeyusha madini ya nikeli. Mkulima yumo mwishoni mwa foleni hiyo, na bei inaweza kumruka bila chochote kubadilika shambani kwake.

Kalsiamu na magnesiamu zina safari nyingine. Udongo wenye tindikali umeenea kwenye takribani asilimia 30 ya ardhi ya dunia isiyofunikwa na barafu. Mvua huziosha kalsiamu na magnesiamu, mavuno huziondoa, na mbolea za amonia na urea huongeza tindikali. Tiba ni chokaa, mzigo mzito wa thamani ndogo ambao kwa kawaida hausafiri mbali na machimbo. Kalsiamu inayovuka bahari ni ya aina nyingine, hasa naitreti ya kalsiamu yenye asilimia 15.5 ya naitrojeni na karibu 19 ya kalsiamu, na inapendwa na wanaomwagilia mboga na matunda kwa matone. Kwa magnesiamu, kieseriti (salfeti ya magnesiamu) ya migodi ya chumvi ya Ujerumani imekuwa ikitumika sana katika mashamba ya michikichi.

Kwa hiyo "mahitaji yanapanda" ni jumla ya hesabu tatu. Ushirika ulisoma jumla.

Uamuzi wa kwanza

Uongozi ulikuwa na hoja zake, na sizidharau. Ulinunua mbolea ya tatu-kwa-moja kwa wanachama wote, kiwango kimoja kwa kila hekta. Hoja ya kwanza ilikuwa usawa: ushirika unaogawa mbolea tofauti kwa wanachama tofauti unajiandalia ugomvi, hasa baada ya tuhuma za uchakachuaji. Ya pili ilikuwa nguvu ya kununua kwa wingi. Ya tatu ilikuwa hofu ya bei.

Pamoja na hiyo walichukua salfa tupu ya punje, yenye asilimia 90 ya salfa, kwa baadhi ya mashamba ya kichangani. Hesabu ya karatasini iliwapa ushindi. Ili kuweka kilo 20 za salfa kwenye hekta unahitaji kilo 22 za salfa tupu, au kilo 83 za SA, au zaidi ya kilo 107 za jasi safi. Kwa anayelipia lori, hapo hakuna mjadala.

Chokaa ya dolomaiti, yenye kalsiamu na magnesiamu, iliwekwa kando kwa sababu ya uzito. Upimaji wa udongo nao uliahirishwa, kwa kuwa majibu yangerudi baada ya kupanda.

Msimu ulivyokwenda

Kichangani, waliopata tatu-kwa-moja waliona mahindi yakibadilika rangi ndani ya wiki chache. Salfa iliyokuwemo ilikuwa ya salfeti, ambayo mzizi unaipokea ilivyo. Majirani wao waliopewa salfa tupu hawakuona kitu, na tuhuma zikafufuka, safari hii dhidi ya msambazaji.

Miteremkoni mahindi hayakuonyesha tofauti yoyote, na karanga zikavunwa na maganda matupu kama zamani. Bondeni nyanya ziliendelea kuoza kitako, na umanjano wa majani ya chini ukabaki palepale.

Mkutano wa mwisho wa msimu ulikuwa mgumu. Kundi moja lilitaka kiwango cha mbolea kiongezwe mara mbili msimu ujao, jingine lilitaka mpango wote uachwe. Kila kundi lilikuwa na ushahidi wa shamba lake, na kila shamba lilikuwa linasema kweli.

Ukaguzi

Hapo ndipo timu yetu ya washauri ilipoitwa. Kazi ya kwanza haikuhitaji maabara: kuangalia umanjano umeanzia wapi kwenye mmea. Naitrojeni na magnesiamu zinahama ndani ya mmea, kwa hiyo zikipungua mmea huzitoa kwenye majani ya zamani na kuzipeleka juu, na njano huanzia chini. Salfa haihami kirahisi, hivyo njano yake huanzia kwenye majani machanga. Mahindi ya kichangani yalikuwa na njano juu. Urea isingeweza kuiponya hata ingemwagwa gunia kwa gunia.

Majani yalipopimwa maabara, uwiano wa naitrojeni kwa salfa ulikuwa umepita mbali 15 kwa 1, ambao ni wa kawaida katika protini ya mimea. Mmea ulikuwa na naitrojeni ambayo haukuweza kuitumia, maana bila salfa hakuna sisteini wala methionini, asidi amino zenye salfa, na bila hizo protini haikamiliki. Udongo wenyewe ulikuwa na mboji kidogo sana, na mboji ndiyo ghala la salfa: katika udongo mwingi wa juu zaidi ya asilimia 90 ya salfa yote imo ndani yake. Mabua yaliyochomwa kila mwaka yalikuwa yameliondoa ghala hilo polepole. Salfeti iliyobaki ilishuka na maji, kwa kuwa kichanga hakiwezi kuishika.

Kisha vikawekwa vipande vya majaribio. Msambazaji alikuwa na shamba la maonyesho lililotumia salfeti ya magnesiamu, na lilikuwa limekolea kijani kweli. Alilitaja kama ushahidi kwamba udongo una njaa ya magnesiamu. Lakini kieseriti ya sokoni ina karibu asilimia 15 ya magnesiamu na 20 ya salfa. Kijani kile kingeweza kutoka upande wowote. Ndiyo maana kipande cha jasi, isiyo na magnesiamu, kiliwekwa kando ya kipande cha salfeti ya magnesiamu. Kichangani vyote viwili vilikolea sawasawa. Basi ilikuwa salfa. Nadhani jaribio hili dogo lilikuwa na thamani kuliko ripoti zote za maabara zilizofuata, kwa sababu wakulima waliliona wenyewe na mabishano yakaisha hapohapo.

Miteremkoni majibu yalionyesha pH (kipimo cha tindikali: kadiri inavyoshuka chini ya 7, tindikali huzidi) chini ya 5, na alumini nyingi, ambayo hudhuru mizizi. Mizizi ya mahindi ilikuwa mifupi, minene, imekwama karibu na uso. Hapo tatu-kwa-moja haikuwa na nafasi hata kidogo. Chukulia mbolea yenye asilimia 10 ya kalsiamu, kilo 100 kwa hekta: ni kilo 10 za kalsiamu. Tani moja ya dolomaiti safi ina kilo 217 za kalsiamu na 132 za magnesiamu, na udongo wa namna hiyo mara nyingi hutaka zaidi ya tani moja. Isitoshe, kalsiamu ya mfuko ule ilitokana na jasi, na jasi haibadilishi pH.

Kwa karanga kulikuwa na jambo jingine. Ganda la karanga hunyonya kalsiamu yake moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaolizunguka. Haliletewi kutoka kwenye majani. Mbolea iliyofukiwa chini ya mbegu wakati wa kupanda ilikuwa imewekwa mahali ambapo ganda haliwezi kuifikia.

Bondeni udongo ulikuwa na kalsiamu tele na pH ya juu ya 7. Kuoza kitako kulitokana na maji. Kalsiamu husafiri na maji yanayovutwa na majani, na tunda, kwa kuwa halipumui maji mengi, hupata mabaki. Kumbukumbu za umwagiliaji zilionyesha siku nyingi za ukavu zikifuatwa na mafuriko ya siku moja. Umanjano wa majani ya chini ulikuwa wa magnesiamu kweli, ila si kwa sababu ilikuwa haba udongoni: miaka ya potasiamu nyingi ilikuwa imeisukuma nje ya mlango wa mzizi.

Uamuzi wa pili

Mpango mmoja ukavunjwa kuwa mitatu.

Kichangani, sehemu ya urea ilibadilishwa kwa SA. Mfano uliotumika kufundishia: kilo 200 za urea ya kukuzia zina kilo 92 za naitrojeni. Ukiweka kilo 83 za SA unapata kilo 20 za salfa na karibu kilo 17.5 za naitrojeni, kwa hiyo urea inashuka hadi kilo 162. Naitrojeni ni ileile. Wakulima walikubaliana pia kuacha kuchoma mabua, ingawa hilo, kusema kweli, lilifuatwa na wachache.

Miteremkoni fedha yote ilihamishiwa kwenye dolomaiti ya unga laini, iliyochanganywa na udongo mapema kabla ya mvua. Kwa kuwa haikutosha wote, walianza wenye pH ya chini zaidi. Jasi ilitengwa kwa karanga peke yake, ikanyunyizwa juu ya mistari wakati wa kuchanua.

Bondeni hawakununua kalsiamu kabisa. Umwagiliaji ulifanywa wa kidogo kidogo na wa mara kwa mara, potasiamu ikapunguzwa, na magnesiamu ikapigwa kwenye majani kwa mmumunyo wa asilimia 2 wa chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu). Dolomaiti haikufaa huko, kwani kwenye pH hiyo haiyeyuki kwa kiasi cha maana.

Matokeo

Kichangani mahindi yalikuwa ya kijani tangu mapema, na zile punje za salfa tupu za mwaka uliopita nazo zikaanza kufanya kazi. Bakteria wanaoigeuza salfa kuwa salfeti wanahitaji joto, unyevu na muda, na punje kubwa huwachelewesha zaidi. Karanga zilijaa. Kuoza kitako kulipungua sana lakini hakukuisha. Mashamba ya mwisho wa mfereji bado hukosa maji kwa zamu. Umanjano wa nyanya ulipungua nusunusu, kama inavyotarajiwa kwa tiba ya kupuliza wakati potasiamu ya zamani bado imo udongoni.

Mahindi ya miteremkoni yalionyesha mabadiliko madogo msimu huo. Chokaa inashuka taratibu, na alumini ya chini ya kina cha jembe bado ipo.

Uchambuzi

Kilichofaulu kwanza ni kutenganisha maswali. "Tunakosa kalsiamu, magnesiamu na salfa?" halina jibu. "Je, jani changa limepauka, pH ni ngapi, ganda linapata kalsiamu, maji yanakuja lini?" yana majibu, na mawili kati ya hayo hayahitaji hata kununua kitu. Uongozi ulistahili sifa pia kwa kuvunja sera ya usawa wa mfuko. Waliibadilisha kuwa usawa wa thamani: kila mwanachama anapewa mgao uleule wa fedha, na udongo wake unaamua uwe SA, dolomaiti au jasi. Malalamiko hayakuisha, ila yalihamia kwenye swali la nani apimiwe udongo kwanza, ambalo ni swali zuri zaidi.

Kilichoshindwa zaidi, kwa maoni yangu, kilikuwa hesabu ya kilo za salfa tupu. Ilipima uzito wa usafirishaji bila kupima muda wa kirutubisho kumfikia mmea. Ukolezi unamfaa mwenye lori, na mahindi yana wiki chache tu za kusubiri. Salfa tupu si bidhaa mbaya. Kwenye kichanga kinachovuja ina faida ya kutooshwa mara moja. Mahali pake ni miezi kabla ya kupanda, pamoja na SA kidogo ya kuanzia.

Hofu ya bei ilichangia pia, ingawa si kwa namna inayosemwa kawaida. Kununua mapema kulikuwa sahihi. Kilichopotea ni kwamba fedha za mapema ziliishia kwenye mchanganyiko ambao hauwezi kugawanywa tena. Ushirika ungeweka ghalani SA, jasi na dolomaiti kila moja kivyake, ungekuwa umejikinga na soko huku ukisubiri majibu ya udongo.

Kuna deni moja lililobaki katika mpango mpya. SA inatia tindikali karibu mara tatu ya urea kwa kila kilo ya naitrojeni, na kilo 83 kwa hekta hutaka takribani kilo 90 za chokaa kuifuta. Salfa tupu nayo hutaka kilo 3 na kidogo za chokaa kwa kila kilo moja. Kwa msimu mmoja ni kiasi kidogo, wala hakiwezi kuwa sababu ya kuikataa SA. Lakini kichanga hakina uwezo mkubwa wa kuhimili, na bajeti ya chokaa kwa sasa iko miteremkoni yote. Tumependekeza pH ya kichangani ipimwe kila baada ya misimu michache, na sehemu ndogo ya dolomaiti ianze kutengwa kwa ajili ya huko kabla mahindi hayajaidai.